Sura ya Sita: Kununua Giza

Nilimwomba muuzaji atuzimie taa za duka. Alicheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akamtazama shemeji yangu kwa jicho la kumuuliza huyu umemtoa wapi. Tulikuwa Kariakoo, Jumamosi saa tano asubuhi, ndani ya duka lenye taa nyeupe kali, na ukuta mzima wa runinga ulikuwa ukionyesha samaki walewale wa rangi wakipita polepole. Katikati, juu ya kijukwaa chake, ilisimama OLED ya inchi 55, nyembamba kuliko daftari la shule. Pembeni yake, bega kwa bega, zilipangwa LCD za ukubwa uleule, na kwa bei ya ile moja ungeondoka na LCD nne na nauli ya bajaji juu.

"Bosi, nikizima taa watu watajua tumefunga," kijana alisema.

Tukatafuta ujanja mwingine. Nyuma ya kaunta kulikuwa na boksi tupu la sabufa. Tukalitoboa chini, shemeji akaingiza kichwa upande mmoja, na upande wa pili nikausogeza karibu na kioo cha OLED bila kukigusa. Akatazama kwa muda. Tukahamia LCD ya jirani. Wapita njia walianza kusimama mlangoni, na kijana wa duka akawa anaomba Mungu bosi wake asitokee. Shemeji alipotoa kichwa mara ya pili alikuwa na vumbi la boksi kwenye nywele.

"Kumbe," alisema.

Kwa mwanga wa dukani runinga zile mbili zilikaribiana mno; kwa kweli ile ya bei nafuu ilionekana kung'aa zaidi. Ndani ya boksi mambo yaligeuka. Kwenye OLED maji ya bahari yalikuwa meusi tii na samaki walielea juu ya weusi huo kama wamebandikwa hewani. Kwenye LCD maji yaleyale yalikuwa ya kijivu, kama maji ya suuza la kwanza. Tofauti ya mamilioni ya shilingi ilikuwa humo, katika sehemu za picha ambazo hazina kitu. Anayelipia OLED analipia giza, na kabla hajatoa fedha inambidi ajiulize kama nyumbani kwake giza hilo lina mahali pa kukaa.

Tuanze na ile ya bei nafuu, maana ndiyo iliyojaa majumbani mwetu tangu tulipoachana na TV za chogo, na maana jina lake limevurugwa makusudi. Dukani utaambiwa hii ni LED, ile ni QLED, nyingine ni UHD. Zote ni LCD. Nyuma kabisa kuna taa, mbele ya taa kuna karatasi za kusambaza mwanga, na mbele ya karatasi kuna kioo chenye fuwele za kimiminika. Fuwele hizo hazitoi mwanga hata chembe. Kazi yake ni ile ya dirisha la luva: zinajipinda kuruhusu mwanga wa taa upite, au kuuzuia. Sasa, aliyelala kwenye chumba chenye dirisha la luva anajua kwamba hata ukizifunga mpaka mwisho, asubuhi mwanga unajipenyeza kwenye nyufa. Ndicho kinachotokea kwenye LCD ikiambiwa ionyeshe usiku. Luva zimefungwa, taa nyuma yake inaendelea kuwaka, na unaona kijivu.

Fuwele zenyewe ni ugunduzi wa zamani. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alikuwa akichunguza kitu alichokitoa kwenye karoti akaona kinayeyuka mara mbili: kwanza kinakuwa uji wenye ukungu, kisha, joto likizidi, kinakuwa maji safi. Ule uji wa katikati ndio babu wa runinga yako. Ilichukua miaka 80 mpaka kampuni ya RCA ya Marekani kuonyesha hadharani, mwaka 1968, vioo vinavyotumia fuwele hizo.

Kuhusu majina: LED ni aina ya taa zilizowekwa nyuma, zilizochukua nafasi ya vijiti vyembamba vya mwanga vya LCD za mwanzo. QLED ni LCD iliyoongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. Chembe hizo ni sayansi ya heshima, na waliozigundua na kuzitengeneza, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Rangi kweli zinapendeza. Lakini taa bado iko nyuma ya luva. Aliyechagua herufi Q, inayofanana na O kwa mtu anayesoma haraka akiwa upande wa pili wa duka, sidhani alichagua kwa bahati.

OLED haina taa nyuma. Kila pikseli ni kibatari kinachojitegemea, kimetengenezwa kwa kemikali za kaboni zinazotoa mwanga zikipitishiwa umeme. Kioo cha 4K kina pikseli 8,294,400, na kila moja inaweza kuzimwa peke yake huku jirani yake ikiwaka. Picha ikitaka weusi, vibatari vya mahali hapo vinazimwa. Hakuna kinachovuja kwa sababu hakuna kinachowaka. Njia hii ilifunguliwa na Ching Tang na Steven Van Slyke, waliochapisha kazi yao mwaka 1987 wakiwa Kodak, kampuni tuliyoijua kwa mikanda ya picha za harusi. Runinga ya kwanza ya aina hii kuuzwa ilikuwa Sony XEL-1 ya mwaka 2007, yenye inchi 11 tu, ukubwa wa sinia dogo. Mwaka 2013 LG walitoa ya inchi 55 kwa takriban dola 10,000. Leo bei imeshuka mno ukilinganisha na siku ile, ila bado OLED ya kawaida inauzwa mara tatu hadi tano ya LCD rahisi ya ukubwa huohuo.

Basi turudi sebuleni, ambako wauzaji hawafiki.

Shemeji yangu ana duka la dawa. Hufunga saa tatu usiku, hufika kwake Mbezi watoto wameshalala, hula, kisha huzima taa na kutazama filamu mpaka saa sita. Ukimtazama yeye peke yake, OLED ilitengenezwa kwa ajili yake. Katika hili hata jiografia iko upande wake. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, wakati London au Berlin kiangazi mwanga unabaki dirishani mpaka karibu saa nne usiku. Wachambuzi wa Ulaya wanapolalamika kwamba OLED haifai sebule yenye mwanga wa jioni, wanazungumzia jioni ambayo sisi hatuna. Sisi giza tunalo bure, saa kumi na mbili kila siku.

Shida ni kwamba hatulitumii. Ni nyumba ngapi unazozijua ambako familia hutazama runinga taa zimezimwa? Nyumbani kwetu Tanga, mama akikuta tumezima taa tunatazama TV aliwasha mara moja na kuuliza tunaficha nini. Taa ya dari inawaka, mlango uko wazi ili upepo upite, na mgeni akiingia lazima aonekane sura. Katika mwanga huo weusi wa OLED unabaki mweusi, ila juu yake unaona mlango, feni na wewe mwenyewe ukiwa na sahani. Umelipia giza, umepata kioo cha kujitazamia.

Mchana ni mbaya zaidi, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Vibatari milioni nane vikiwashwa vyote kwa wakati mmoja vinakula umeme mwingi na kutoa joto, kwa hiyo OLED hujipunguza yenyewe picha inapokuwa angavu kote. Kitu kidogo kinachong'aa, kama taa za gari kwenye barabara ya usiku, kitang'aa kuliko LCD yoyote ya bei ya chini. Lakini uwanja wa mpira wa saa kumi jioni, majani ya kijani kutoka kona hadi kona, OLED nyingi za daraja la kati zinauonyesha kwa mwanga usiozidi ule wa LCD rahisi, na mara nyingine chini yake. Simba na Yanga wakicheza jua likiwa bado juu, na dirisha lako liko wazi, yule jirani mwenye LCD hana sababu ya kukuonea wivu. Angekuonea kwa jambo moja tu: mpira unaokwenda kasi. Pikseli ya OLED hubadilika papo hapo, wakati luva za LCD rahisi zinachelewa kidogo na kuuachia mpira mkia.

Na pia unatazama nini? Taarifa ya habari, mpira, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, watu wamekaa kwenye sebule kubwa zenye mataa, wakitupiana maneno. Giza liko wapi humo? Picha inayotoka kwenye king'amuzi imeshabanwa ili ipite kwenye setilaiti, na kioo kizuri kinachofanya ni kukuonyesha vizuri jinsi ilivyobanwa. Kinyume chake, wakumbuke watu walioitazama Game of Thrones mwezi Aprili 2019, kipindi cha vita ya usiku, waliolalamika dunia nzima kwamba hawaoni kitu. Kipindi kile kilipigwa gizani kwa makusudi, na kwenye LCD rahisi ndani ya chumba chenye taa kiligeuka ukungu mtupu. Kwa kazi za namna hiyo OLED haina mpinzani. Kama wiki yako ina saa nyingi za kazi hizo, endelea kusoma ukiwa na pochi mkononi.

Mama yangu, ambaye kwa shemeji ndiye mama mkwe, anaishi nao Mbezi. Na hapa hesabu ya OLED ilianza kuharibika, kwa sababu mama ana tabia mbili.

Ya kwanza, huwasha chaneli ya habari anapokunywa chai ya asubuhi na huizima magharibi. Hatazami muda wote. Anataka sauti ya watu ndani ya nyumba. Chaneli ya habari ina nembo kwenye kona na ukanda wa maandishi chini, na vitu hivyo havihami kuanzia Januari mpaka Desemba. Kemikali za OLED zinachakaa kadiri zinavyowaka, na zile za bluu huchakaa kuliko nyingine. Vibatari vya pale penye nembo vikifanya kazi kuliko wenzao, vinazeeka kabla yao, na siku ukiweka picha ya kijani au nyekundu kote unaona kivuli cha nembo kikikutazama. Hakifutiki. RTINGS, wapimaji wa kujitegemea wa Kanada, walianza mwaka 2018 kuwasha OLED sita za LG saa 20 kwa siku. Iliyowekewa CNN kwa mwanga wa juu ilipata alama mapema. Iliyochezeshwa mchezo wa vita wenye picha zinazobadilikabadilika ilistahimili. Vioo vya sasa ni vigumu kuliko vile, na mtu anayetazama vitu mchanganyiko hana haja ya kukosa usingizi. Mama hatazami vitu mchanganyiko.

Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kibanda umiza asidanganyike. Mechi ya mchana, ya jioni, ya usiku, Jumamosi na Jumapili, ubao wa matokeo umekaa kona ileile juu kushoto: OLED itamchorea ubao huo daima, na dhamana nyingi hazilipi alama za aina hiyo. LCD mbili za bei ya kati, moja kila ukuta, zitampa watazamaji wengi zaidi.

Tabia ya pili ya mama ni soketi. Kila usiku kabla ya kulala huzunguka nyumba akizima swichi za ukutani: TV, king'amuzi, chaja, hata redio ambayo haijawashwa tangu Idi. Amekulia kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, amezika friji moja na redio mbili, na hakuna atakayembadilisha. Wengi wetu tumerithi tabia hiyo, na kwa LCD ni tabia njema. Kwa OLED ni sumu ya taratibu. Runinga hizi, zikishakusanya kama saa nne za kuwaka kisha zikazimwa kwa rimoti, hubaki macho kwa dakika kadhaa zikijipima: zinakagua uchakavu wa pikseli na kusawazisha ili kusiwe na madoa. Kazi hiyo inafanyika kioo kikiwa kimezima, wakati wewe unadhani imelala, na inahitaji umeme. Ukiikatia ukutani kila usiku haipati nafasi ya kujitibu hata siku moja. Sijawahi kuona muuzaji akimwambia mteja jambo hili. Limeandikwa kwenye kile kitabu kinachobaki ndani ya boksi.

Jibu la hofu ya mama ni kifaa cha kulinda, kile tunachokiita TV guard, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri utulie kabla ya kuurudisha. Hicho nunua hata kama TV yako ni ya inchi 24. Na waya wa dishi uuchomoe radi zikianza, kwa sababu radi haipiti soketini peke yake. Uniti za LUKU zisikusumbue sana: OLED ya inchi 55 hula karibu wati 100 kwa picha za kawaida, yaani nusu uniti kwa saa tano, na filamu ya giza hula pungufu kwa kuwa vibatari vingi vimezimwa.

Mpaka hapa nimeonekana mtetezi wa LCD. Sasa niseme ya LCD, maana mimi mwenyewe ilinitesa.

Niliinunua kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote kwenye safu. Mwaka wa tatu, usiku mmoja katikati ya taarifa ya habari, picha ikatoweka na sauti ikabaki. Nilidhani kioo kimekufa. Fundi wa mtaani alizima taa ya kibanda chake, akamulika kioo kwa tochi ya simu akiwa ameinama, akaniita. Mle ndani, hafifu kama mtu anayeonekana nyuma ya chandarua, mtangazaji alikuwa bado anasoma habari. Picha ilikuwepo, taa za nyuma ndizo zilizokufa. Taa hizo zimepangwa kwenye vipande virefu, zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama taa za zamani za sherehe, na moja ikikatika safu nzima inalala. Fundi alikitoa kioo kwa vidole vya mtu anayebeba mtoto mchanga, akakilaza juu ya godoro, akabadilisha safu zote, akapunguza na umeme unaokwenda kwenye taa. Gharama haikufika hata robo ya bei ya TV mpya.

"Kaka, kiwandani wanaziwasha kwa nguvu zote ili dukani iwake kuliko jirani yake," aliniambia. "Wewe ukifika nyumbani shusha mwanga wa taa mpaka 60. Huoni tofauti, na mimi hunioni tena."

Huo ndio ushauri bora niliowahi kupewa kuhusu runinga, na ulitoka kwa mtu anayekula kwa sababu watu hawaufuati. Ona pia maana yake: LCD rahisi inaugua ugonjwa ambao kila mtaa una daktari wake. OLED haina taa za kubadilisha. Kioo chake kikichoka, kioo ndiyo TV yenyewe.

Isipokuwa kuna LCD ambazo hata fundi hazimpendezi. Zile nyembamba sana, zilizowekewa taa pembeni tu mwa kioo ili zionekane kama OLED, hukusanya joto lote ukingoni. RTINGS waliporudia mtihani wao kwa runinga 100 za kila aina, hizo za taa za pembeni zilikuwa miongoni mwa zilizoharibika vibaya, karatasi za ndani zikijikunja na kuacha mabaka. Kwa hiyo wembamba kwenye LCD ni hasara unayolipia. Chagua yenye tumbo kidogo, taa zimesambazwa nyuma nzima. Zipo pia za mini-LED, ambazo taa zake ni maelfu madogo yaliyogawanywa kwa maeneo, eneo la giza likizimwa na la mwanga likiwashwa. TCL walizianzisha sokoni mwaka 2019. Zinakaribia OLED kwa weusi, zinaizidi kwa mwanga wa mchana, na bei yake iko katikati. Kwa sebule yenye madirisha makubwa ningeanzia hapo.

Kwa aliyeamua LCD rahisi, aende dukani na futi ya fundi seremala. Inchi 43 ni sentimita 109 kutoka kona hadi kona ya kioo, si ya fremu. Inchi 55 ni karibu 140. Stika ya "4K supported" haina maana kwamba kioo ni cha 4K, ina maana TV itakubali kupokea picha ya 4K kisha iishushe mpaka uwezo wake, ambao kwenye nyingi za inchi 32 ni pikseli 1366 kwa 768. Ikiitwa smart, fungua Netflix palepale dukani, maana nyingi zimewekewa Android isiyo na kibali na zinakupa programu ya simu iliyovutwa. Simama pembeni kabisa, pale watoto watakapokaa mkekani, uone kama rangi zinafifia. Hapo OLED hushinda bila jasho. Dabo glasi, yaani ile yenye kioo cha ziada mbele, inafaa nyumba yenye watoto wanaorusha rimoti, kwa sharti ukubali kujiona ndani yake mchana kutwa. Na iwe OLED au LCD, isafirishwe imesimama, kamwe isilazwe, hata dereva wa bajaji akikuapia.

Sauti nimeiacha kwa sababu zote ni mbovu. Nunua sabufa.

Tulikaa kwenye mgahawa wa jirani, shemeji akaagiza supu na chapati, tukahesabu. Saa zake za giza hazikufika tatu kwa usiku. Saa za mama na chaneli yake ya habari zilikuwa kumi na moja. Watoto na katuni zao walichukua zilizobaki. Nilimwambia kama angekuwa na chumba cha pili, mlango unaofungwa na soketi ambayo mama haifikii, ningembebea OLED kichwani mpaka Mbezi. Hana. Alinyamaza, akamalizia supu, akasema, "Shemeji, mama mkwe sitamgusa soketi zake." Tukarudi tukachukua LCD ya inchi 55 yenye tumbo, TV guard na sabufa, na fedha iliyobaki ilikwenda kwenye ada za muhula.

Mwezi uliofuata nilipita tena pale. OLED ilikuwa palepale kwenye kijukwaa, samaki walewale wakipita, na bei imeshushwa, wameandika "ya maonyesho". Ukikutana na punguzo la namna hiyo, mwambie muuzaji akufungulie kwanza menyu inayoonyesha kioo kimewaka jumla ya saa ngapi, kisha akuwekee picha nyekundu kote. Akikataa, ondoka.